Kisigino cha mama kimesoma -2.8: je, mifupa imekwisha?

"Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Mwezi uliopita walikuja watu na mashine ya kupima mifupa, wakaweka meza yao pale Mkunguni. Mamangu ana miaka 63. Walimvua kiatu, wakampaka jeli kisiginoni, mguu ukatiwa ndani ya kisanduku, na baada ya dakika moja hivi ikatoka karatasi yenye nambari nyekundu: T-score -2.8. Wakamwambia mifupa yake imeliwa, ana osteoporosisi, na akianguka tu nyonga itavunjika. Wakamuuzia makopo mawili ya unga wa kalsiamu kwa shilingi 4,500, na kumtaka arudi kupimwa baada ya miezi mitatu aone mabadiliko. Tangu siku hiyo yuwaogopa hata kushuka ngazi. Hedhi ilimkoma mapema, akiwa na miaka 44. Hana sukari wala presha. Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, kikapona vizuri. Magoti humuuma, na tangu Ramadhani akitaka kuinuka mkekani sharti ashikwe mkono. Asema mapaja yamekuwa mazito. Jirani asema ile mashine ni utapeli, tumpeleke akafanyiwe ultrasaundi ya kawaida, ile ya wajawazito, ili paonekane ndani ya mfupa. Mwingine asema ultrasaundi ina mionzi. Kwenda Mombasa kwa kipimo kikubwa ni gharama: boti hadi Mokowe, kisha basi siku nzima. Nami nina miaka 34, nimezaa watoto watatu. Je, nipimwe pia? Tufanye nini?"

Marahaba, mwanangu, na mama mpe salamu zangu. Barua yako yote imesimama juu ya ile -2.8, na sishangai, maana nambari ikiandikwa kwa wino mwekundu hutisha kuliko inavyostahili. Lakini umetaja mambo mawili kwa kuyapitia tu, kifundo cha mkono kilichovunjika na kushindwa kuinuka mkekani, na kwangu mimi hayo mawili ni mazito kuliko karatasi hiyo. Nitaanza na mashine kwa kuwa ndiyo iliyowanyima usingizi, kisha nitarudi kwa mama mwenyewe.

Jirani amekosea: mashine uliyonieleza si utapeli. Mguu mtupu, jeli, kisanduku kinachobana kisigino pande mbili, hicho ni chombo cha kweli. Kazi hii ilianza mwaka 1984 pale Christian Langton na wenzake wa Uingereza walipoonyesha kwamba namna mawimbi ya sauti yanavyofifia yakipita kisiginoni inaweza kuwatenganisha wanawake waliovunjika nyonga na wale ambao mifupa yao ingali imara. Utapeli upo, ila una sura nyingine. Kuna vifaa vinavyozungushwa mitaani, mtu hushikishwa kijifimbo cha chuma, kisha kompyuta ikamwaga kurasa na kurasa za majibu, kuanzia ini mpaka mifupa. Kile hakipimi mfupa wala kitu kingine chochote. Ukikiona, funga mkoba wako uende zako. Mashine ya kisigino haina kosa. Waliokosea ni walioisoma karatasi na kuifanya hukumu.

Mionzi nayo haimo. Eksirei hutumia mionzi. Ultrasaundi ni sauti tu, yenye mitetemo ya kasi isiyosikika kwa sikio la mtu. Sikio letu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mashine ya kisigino hutumia takriban kati ya 200,000 na 600,000, na ile ya wajawazito hufika milioni mbili, tatu, hata tano. Hata kipimo kikubwa cha DEXA mnachosikia kipo Mombasa, ambacho ni cha eksirei, kiasi chake cha mionzi ni kidogo sana, chini ya kile ambacho mwili hupata kwa siku chache kutoka ardhini na angani bila mtu kujua. Kwa hiyo mionzi isiwe sababu ya kukataa chochote katika haya.

Sasa kile kisanduku kilifanya nini? Fundi anayetengeneza nyumba za kale huko kwenu hugonga boriti kabla ya kuamua kama ibadilishwe, akasikiliza mlio, na mlio ukamwambia kama mchwa wamekwisha kuila kwa ndani. Kisigino kilisikilizwa kwa namna hiyo. Upande mmoja wa kisanduku hutuma sauti, upande wa pili huipokea, na katikati ni mfupa. Kisigino kilichaguliwa kwa sababu nyama yake ni chache, pande zake mbili karibu zinalingana, kinabeba uzito wa mwili mzima, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mfupa wake si ganda gumu bali ni mtandao wa vijiti vyembamba vya mfupa vilivyoshikana, na uboho umejaa katikati. Mtandao huo ndio unaoliwa mapema mwanamke anapokoma hedhi, kwa sababu una uso mkubwa ambao chembe zinazobomoa mfupa zinaweza kuufikia.

Mashine huangalia mambo mawili. La kwanza ni kasi. Katika nyama ya mwili sauti huenda kama mita 1,540 kwa sekunde. Katika ganda gumu la mfupa hupita mita 3,000. Kisiginoni, kwa kuwa kuna vijiti na uboho wenye mafuta pamoja, kasi huwa mara nyingi kati ya 1,450 na 1,600, na vijiti vikipungua kasi hushuka. La pili huwachanganya watu wengi: mashine hupima jinsi sauti inavyofifia kadiri mitetemo inavyozidi kuwa ya haraka, na hapa kufifia zaidi ndiyo habari njema. Mtandao uliojaa huimeza na kuitawanya sauti. Ulioliwa huiachia ipite. Vipimo hivyo viwili huunganishwa kuwa alama moja. Na kwa kuwa sauti huguswa pia na jinsi vijiti vilivyopangwa na kushikana, si wingi wake tu, watafiti walitumaini itasema kitu juu ya muundo wa mfupa ambacho eksirei haisemi. Kwa kiasi fulani ni kweli, ingawa si kwa ukubwa unaotangazwa kwenye mabango.

Utaona basi kwamba hakuna picha iliyopigwa. Ndiyo maana ushauri wa kumpeleka mama kwenye ultrasaundi ya wajawazito hautasaidia. Mimi nafanya kazi na mashine hizo kila siku, na naweza kukuambia kwamba kwenye mfupa wa mtu mzima hukomea mlangoni: sauti hugonga ganda la mfupa, nyingi hurudi, na nyuma yake pabaki kivuli cheusi. Juu ya ganda tunaona mengi. Tunaona ufa wa mfupa wa mtoto, maji yaliyojaa kwenye kiungo, msuli uliokatika. Nyonga ya mtoto mchanga tunaiona vizuri sana kwa kuwa bado sehemu kubwa ni gegedu. Lakini kujua kama nyonga ya mama wa miaka 63 imepungua madini, picha ile haitoi jibu. Kuna mbinu mpya kutoka Italia ambayo huweka kipimio tumboni na nyongani na kuchambua mwangwi wenyewe badala ya picha, na matokeo yake yanatia moyo, lakini haijaenea, na singependa uitafute huku kazi ya karibu haijafanywa.

Tuje kwenye -2.8. T-score maana yake ni hii: kipimo cha mama kimelinganishwa na wastani wa wanawake vijana wenye afya, na kimeonekana kuwa chini ya wastani huo kwa hatua 2.8 za kitakwimu. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 liliweka mstari kwenye -2.5: ukiwa hapo au chini yake, una osteoporosisi. Mstari huo lakini uliwekwa kwa kipimo cha eksirei cha madini ya mfupa, ambacho leo ni DEXA ya uti wa mgongo na nyonga. Haukuwekwa kwa sauti ya kisigino. Ukiuchukua na kuubandika kwenye mashine za ultrasaundi, mashine moja itawaita wagonjwa wanawake wengi na nyingine wachache, hali wanawake ni wale wale. Tena uliza, hao vijana waliolinganishwa na mama ni wa wapi? Kila mtengenezaji ana orodha yake, mara nyingi ya watu wa Ulaya, Marekani au Asia, na mpimaji akibonyeza orodha nyingine T-score hubadilika papo hapo ilhali kisigino ni kile kile. Ndiyo sababu aliyesema "una osteoporosisi" kwa karatasi hiyo peke yake amesema zaidi ya anachokijua.

Kuna na mambo madogo yanayoipotosha nambari. Mguu uliovimba husogeza kipimo. Kisigino chenye joto hupunguza kasi ya sauti, kilichopoa huiongeza. Mguu ukikaa kando kidogo ndani ya kisanduku, sauti hupita sehemu nyingine ya mfupa. Magaga nayo ni tatizo, kwa sababu hewa iliyonaswa kwenye mipasuko huizuia sauti, na jeli isipoingia vizuri kipimo huharibika. (Hina haina neno, ni rangi tu, mama asiache kupaka kwa ajili yangu.)

Hata hivyo usiichane karatasi. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa Ufaransa uliofuata wanawake wazee zaidi ya 5,000 waliopimwa visigino kwa ultrasaundi, na ikaonekana kwamba kila hatua moja ya kitakwimu kwenda chini, hatari ya kuvunjika nyonga iliongezeka karibu mara mbili, sawasawa na DEXA ilivyotabiri. Baadaye tafiti nyingine kubwa, ikiwemo ya Norfolk huko Uingereza, zilisema vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kisigino chenye alama ya chini ni onyo la kweli, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Kinaweza kusema, "mtazameni huyu kwa makini." Hakiwezi kusema ana ugonjwa gani, wala aanzishiwe dawa gani.

Na kwa hakika hakiwezi kuonyesha mabadiliko baada ya miezi mitatu. Mfupa hujengwa polepole. Hata kwa dawa kali nyongeza ya mwaka mzima ni asilimia chache, na mtikisiko wa mashine yenyewe, leo hivi kesho vile, huifunika nyongeza hiyo. Wataalamu wa upimaji wa mifupa duniani wamekubaliana kwamba ultrasaundi ya kisigino haitumiki kufuatilia matibabu. Mama akirudi Mkunguni baada ya miezi mitatu, nambari inaweza kupanda au kushuka, na kwa vyovyote vile atauziwa makopo mengine.

Sasa mama mwenyewe. Aliteleza bafuni, akajishika kwa mkono, kifundo kikavunjika. Umeandika kwamba kilipona vizuri, ukaendelea na mengine. Mtu mzima akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, si kutoka darini wala mgongoni mwa punda, mfupa wenye afya haukupaswa kuvunjika. Ukivunjika, tunauita mvunjiko wa udhaifu, na mwanamke aliyevunjika namna hiyo baada ya kukoma hedhi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvunjika tena, awe amepimwa kisigino au hakupimwa. Ongeza kwamba hedhi ilikoma akiwa na 44. Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo iliyokuwa ikizizuia chembe zinazobomoa mfupa zisizidi zile zinazojenga. Ilipoondoka mapema, ubomoaji ulipata miaka mingi ya ziada. Kama yule aliyemfunga plasta mwaka jana angemuuliza maswali matatu tu kuhusu mifupa yake, mngekuwa mbele sana leo. Hili halitokei Lamu peke yake. Karibu kila mahali mkono hufungwa, mgonjwa akaambiwa aende nyumbani.

Kuna swali sikuliona kwenye barua yako: buibui la mama lililokuwa likimtosha, sasa laburura chini? Au watu wamesema amekuwa mfupi, mgongo umepinda? Pingili za uti wa mgongo huweza kubonyea kimyakimya, bila kuanguka, bila maumivu makali, na dalili ikawa ni kimo kupungua tu. Mpime kwa ukuta, ulinganishe na kimo kilichoandikwa kwenye karatasi yoyote ya zamani ya hospitali kama ipo. Akiwa amepungua sentimita nne au zaidi tangu ujana, mwambie daktari kabla ya kumwambia kitu kingine.

La pili, kushindwa kuinuka mkekani, ndilo linalonishughulisha zaidi. Osteoporosisi hainyimi mtu nguvu za mapaja, wala haiumi mpaka kitu kivunjike. Magoti yanayouma yanaweza kuwa kusagika kwa kawaida kwa umri wake, hayo ni mambo ya viungo, si ya mfupa kuwa mwepesi. Lakini mama asiyeweza kuinuka mkekani bila kushikwa, mwenye mapaja mazito, hunifanya nifikirie osteomalasia, yaani mfupa upo lakini haukupata madini ya kutosha ya kuugandisha, mara nyingi kwa upungufu wa vitamini D. Kwa mtoto ugonjwa huo huleta matege. Kwa mtu mzima huleta maumivu ya mifupa, mwendo wa kuyumba kama bata, na taabu ya kupanda ngazi. Na hapa ndipo kisigino kinapofika mwisho wa uwezo wake: osteomalasia nayo huishusha alama, na mashine haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili, au zote kwa pamoja.

Najua utasema, Lamu na upungufu wa vitamini ya jua? Jua lipo, lakini halimfikii. Ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi kutengeneza vitamini hiyo, ngozi ya mzee hutengeneza kidogo zaidi, na mwanamke anayeshinda ndani ya nyumba yenye kuta nene na kutoka akiwa amejisitiri kamili hupata jua usoni na viganjani tu. Kupungukiwa vitamini D kumeonekana sana kwa wanawake wa nchi zenye jua kali. Tena watu husifu jua la alfajiri. Kwa kazi hii halina faida kubwa, kwa sababu miale inayotengeneza vitamini D hutufikia jua likiwa juu, tuseme kati ya saa nne na saa tisa mchana. Nyumba zenu za kale zina kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Mama akae pale kwa faragha, mikono na miguu wazi, nusu saa hivi, siku kadhaa kwa wiki. Hilo ni la kumlinda mtu. Kama upungufu umekwisha kumfikia, jua peke yake halitoshi, atahitaji dawa.

Kwa hiyo safari ya kwanza isiwe Mombasa. Mpeleke hospitali ya kaunti hapo hapo Lamu, mchukue karatasi ya kisigino, plasta ilifungwa lini, na dawa zote anazotumia au alizowahi kutumia, hasa kama amewahi kumeza prednisoloni kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au maumivu ya viungo, maana hiyo hula mifupa. Omba achunguzwe mambo matatu. Damu: kalsiamu, fosfati, kimeng'enya cha fosfatasi ya alikali, kazi ya figo, wingi wa damu, na vitamini D kama maabara inaweza kuituma. Fosfatasi ikiwa juu na fosfati chini, osteomalasia imejitaja jina. Eksirei ya uti wa mgongo iliyopigwa kwa ubavu: ni picha ya kawaida, haihitaji mashine kubwa, na ikionyesha pingili iliyobonyea pasipo ajali wala ugonjwa mwingine, basi osteoporosisi imethibitika bila DEXA. Na mwisho daktari amwambie ainuke kitini bila kutumia mikono. Kipimo hicho hakina bei, na hueleza mengi.

DEXA ni nzuri, sitaipunguzia hadhi yake. Ndicho kipimo kinachotumika kutambua ugonjwa na kufuatilia dawa. Lakini itamfaa mama pale jibu lake litakapobadilisha uamuzi. Kama uti wa mgongo umeshabonyea, ataanzishiwa dawa hata asipoiona Mombasa. Kama eksirei ni safi na damu iko sawa, hapo ndipo ningesema fungeni safari, kwa sababu kifundo kilichovunjika na kisigino cha -2.8 kwa pamoja vinastahili jibu kamili. Pigeni simu hospitalini kwanza, muulize kama mashine inafanya kazi, bei yake, na kama SHA, bima ya afya ya serikali, italipa chochote, kabla ya kupanda boti.

Nakuomba jambo moja kwa msisitizo: mtu asimwanzishie dawa za mifupa kabla ya damu kuangaliwa. Dawa zinazotumika zaidi, kama alendronati ya miligramu 70 mara moja kwa wiki au sindano ya zoledronati mara moja kwa mwaka, hufanya kazi ya kuwazuia wabomoaji wa mfupa. Kwa mwenye osteoporosisi ni dawa nzuri, zina ushahidi wa kupunguza mivunjiko. Kwa mwenye upungufu mkubwa wa vitamini D zinaweza kuishusha kalsiamu ya damu ghafla, akapata ganzi midomoni, mikakamao ya misuli, hata moyo kwenda kombo. Vitamini hujazwa kwanza. Na akija kupewa alendronati, aimeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi kubwa ya maji matupu, kisha akae wima nusu saa bila kula wala kulala, vinginevyo itamchoma koo. Mwezi wa Ramadhani aamke mapema kabla ya daku kwa siku hiyo moja ya wiki.

Ule unga haukuwa sumu, lakini soma kopo. Mwanamke wa umri wake anahitaji kalsiamu kama miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula na dawa kwa pamoja. Kikombe kikubwa cha maziwa kina kama 300. Maziwa ya mgando, vidagaa vinavyoliwa na miiba yake, simsim, vyote huchangia. Kopo lisiloandika kiasi cha kalsiamu kwa kijiko kimoja, sina cha kulisifu. Na kama mama amewahi kuwa na mawe ya figo, asitumie mpaka daktari aseme. Kalsiamu bila vitamini D mwilini huingia kwa uchache tu, ndiyo sababu ya kutomaliza pesa kwenye makopo mkasahau kipimo cha damu.

Hofu ya ngazi naomba muiondoe, kwa sababu mama akikaa chini mifupa na misuli hudhoofika kwa haraka zaidi. Ngazi za nyumba za Lamu ni kali na nyembamba, najua. Fungeni kamba nene au ubao wa kushikia ukutani, wekeni taa inayowaka usiku, bafuni pawe na kitu kisichoteleza, na ndala zilizolika chini zitupwe leo. Atembee kila siku, na kama damu haina neno, ajizoeze kuinuka kitini na kukaa, mara kumi asubuhi na jioni, huku wewe umesimama karibu. Asikandwe mgongo kwa nguvu mpaka eksirei isomwe.

Kuna hali ambazo hazingoji miadi. Akipata maumivu makali ya mgongo baada ya kuinua ndoo au kupiga chafya, aonwe siku hiyo. Miguu ikifa ganzi, ikikosa nguvu, au akishindwa kuzuia haja, ni dharura ya saa ile ile. Akianguka, na mguu ukaonekana mfupi umegeukia nje, hawezi kukanyaga, msimwinue wima wala msimwitie mkandaji. Alazwe juu ya ubao, apelekwe na boti ya wagonjwa. Na kama mgongo humuuma usiku, anakonda, anapata homa za jioni au jasho, semeni wazi hospitalini, kwa sababu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu na saratani pia huingia mifupani, na hizo zote hazitibiwi kwa kalsiamu.

Nawe, kwa miaka 34, kama hedhi yako inakuja kwa kawaida, hujavunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, na hutumii dawa za kula mifupa, kipimo cha kisigino hakikuhusu kwa sasa. Nambari utakayopata haina la kukuongoza. Ila wewe ni binti wa mama aliyekoma hedhi mapema, na hilo huweza kufuata ukoo. Siku hedhi yako ikianza kuruka miezi kabla ya 45, mwone daktari bila kungoja, na mtajie kifundo cha mama. Kama una mimba au unanyonyesha, ulizia kliniki kuhusu vitamini D yako pia, maana mtoto huipata kwako.